Mbegu Zilizobandikwa Ukutani

Watu wa Kumaon, huku kwetu milimani, wana ugonjwa wa kukumbukana. Ukipita njiani mwezi wa Chait, baridi inapoisha, utamkuta mwanamke mzima, mzigo wa nyasi mgongoni, ameegemea mti anamsikiliza hua huku anajifuta pua. Muulize kuna nini, atakwambia anamkumbuka mama yake. Mimi ugonjwa huo haukunipata. Dada yangu Hansa aliolewa mwanzo wa baridi, akapelekwa ng'ambo ya milima miwili, na tangu siku hiyo sijamkumbuka hata mara moja. Nilikula, nikalala, nikanenepa. Nikarithi kitanda chake cha dirishani, ambacho nilikitamani tangu nijue kutamani.

Ni kweli kwamba kitanda chenyewe sikukilalia. Kina upepo.

Na bustani yake niliimwagilia, lakini hilo ni kwa sababu Ija, mama yetu, ana magoti mabovu, na baba yuko Haldwani anaendesha lori la mtu. Mbali na mimi angebaki nani? Ng'ombe?

Bustani yenyewe huwezi kuipita bila kucheka. Wenzake wanalima mboga. Hansa alikuwa analima mboga na wezi wa mboga pamoja. Ukingo wa chini aliuacha uote vichaka vya miiba, ndege wale matunda yake na wapate pa kulala. Pembeni alirundika mawe, na ole wako uyaguse, maana ni nyumba ya chura, na chura ndiye anayekula konokono. Giligilani aliiacha izeeke na kuchanua kwa ajili ya nyuki, ambao nao wana vyumba vyao ndani ya ukuta wa nyumba yetu, na sisi tunafungua vibao kwa ndani kuchukua kodi yetu ya asali. Hata nungunungu alitengewa magimbi yake karibu na pale anapotokea, ili ashibe kabla hajafika kwenye viazi.

"Hansa," shemeji Rukma alikuwa akimwita kutoka ngazi ya juu ya shamba la mlimani, "mwisho utampelekea chui kadi ya mwaliko."

"Chui hali mboga, wifi."

"Basi mwalike Kunu. Huyo anakula chochote na hajawahi kushika jembe."

Kunu ni mimi. Shuleni niliitwa Kundan, na kidato cha sita nimemaliza, lakini ukishaitwa Kunu na Rukma, vyeti havikusaidii. Yeye ni mke wa binamu yangu Pushkar, askari wa mpakani, na alizaliwa kijiji kilekile alikoolewa Hansa. Posa aliileta yeye. Sijamsamehe, ingawa sina sababu, maana kama nilivyosema, simkumbuki mtu.

Sasa, matango. Letu si lile la dukani, lembamba kama kidole cha mgonjwa. Letu ni nene kama mguu wa mtoto, na likiachwa kwenye mtambaa linakuwa kahawia na ngozi yake inapasukapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Likikwaruzwa na kuchanganywa na mtindi na haradali mbichi iliyosagwa, linapanda puani mpaka machozi yanatoka. Siku ya mwisho Hansa kutuandalia, kabla ya harusi, nililia sana. Haradali ile ilikuwa kali.

Kila mwaka alilichagua tango la kwanza lisilo na kasoro, akalifunga kitambaa chekundu, na hapo halikuguswa tena hata na mgeni. Likizeeka alilipasua, akaloweka mbegu mpaka zikachacha, zilizoelea akawamwagia ndege, zilizozama akazichanganya na majivu na kinyesi kibichi cha ng'ombe, akafinyanga vichapati, akavibandika kwenye ukuta wa jikoni. Vikikauka, hakuna mdudu anayegusa kitu humo, wala panya. Mbegu zinalala mpaka Baisakh, mwezi unaofuata Chait. Na juu ya kila kichapati panabaki alama ya vidole vyake vinne, vile alivyokikandamiza.

Siku ya kuondoka alirusha mchele nyuma ya bega bila kugeuka, kama inavyopasa, akaingia kwenye gari. Mimi nilisimama kando ya dirisha la gari nikisubiri neno. Nilijua litakuja neno zito, la kukaa nalo. Akatoa kichwa chini ya ushungi akasema, "Kunu, ukuta wa jikoni usiukwangue." Gari likaondoka. Nikabaki pale bado nasubiri lile neno lingine, na hili alilolisema likapita sikioni kama upepo.

Ndiyo maana yakatokea yaliyotokea.

Mkesha wa siku ya maua, watoto wanapopita kuweka maua kwenye vizingiti, kila nyumba husafishwa na kupakwa upya. Ija alikuwa anapaka sakafu. Mimi, mtoto mwema, nikachukua kazi ya jikoni. Vile vichapati vilikuwa vinanikera kwa muda mrefu. Mtu unakaa kula mkate wako wa wimbi, unainua macho, vidole vinne vya dada yako vinakutazama. Nikachukua upanga butu nikavikwangua vyote, nikavikusanya na takataka nyingine, nikavitupa kwenye lundo la samadi. Ukuta nikaupaka udongo mweupe. Ulipendeza. Ija alipoingia alikuwa amechoka hata hakuutazama.

Wiki ile ilikuwa zamu ya kumsaidia Rukma. Wanawake wa upande wetu hubebeana samadi, leo kwako kesho kwangu, na mwaka huu lundo letu liliahidiwa konde lake kwa kuwa yeye alitupatia majani makavu ya msimu mzima. Wakaja na vikapu, wakapiga soga, wakalibeba lundo mpaka chini.

Siku chache baadaye simu ikalia. Huko kwao Hansa simu hushika tu kwenye kilima cha hekalu, kwa hiyo akipiga ujue amepanda, na anahema.

"Kunu, hujambo? Ija hajambo? Chura ameamka?"

"Chura ameamka. Ananiulizia chakula. Nimemwambia aoe."

Akacheka. "Mbegu zangu ziko salama?"

"Mbegu gani?"

"Za ukutani."

Nikageuka. Ukuta ulikuwa mweupe kama maziwa.

"Zimetulia," nikasema.

"Huku wote wananunua pakiti, Kunu. Mama mkwe amenipa ngazi nzima ya shamba nyuma ya nyumba, kaniambia nipande cha kwetu. Nimeshailima. Mawe ya chura nimeshayapanga. Nikimaliza kazi za ndani naenda kukaa pale, naitazama ikiwa tupu vile. Ukija na kapu langu usilete nguo. Hata usipoleta mikate sitasema kitu. Niletee hizo."

Kwetu kaka humpelekea dada aliyeolewa kapu la vyakula kila mwaka mwezi wa Chait, na kwa bibi harusi mpya kapu la kwanza huenda mwezi wa Baisakh. Katika mwaka mzima, hiyo ndiyo siku ambayo mwanamke hutazama njia. Na mimi nilikuwa nakwenda na kapu ambalo ndani yake hamna kile alichoomba.

Nikamwambia Ija. Nilitegemea ufagio. Ija akaacha kuchambua dengu, akautazama ukuta, akakaa chini.

"Mimi nilikuja nazo kwenye pindo nilipoolewa," alisema. "Nilikuwa mdogo kuliko Hansa. Mwaka wa kwanza nilikuwa sijui hata choo kiko upande gani, lakini tango lilipotoka nikajua niko wapi."

"Ija, nitakwenda Someshwar, dukani..."

"Za dukani wanazo."

Akarudi kuchambua dengu. Afadhali ungekuwa ufagio.

Nikapanda kwa Rukma. Alikuwa amechutama anafunga mzigo wa nyasi.

"Shemeji, konde lako la chini unalima lini?"

"Umekuwa bwana shamba?"

"Nauliza tu."

"Wewe hujawahi kuuliza tu. Mara ya mwisho uliuliza tu, nikapoteza mtungi wa achari."

Nikamweleza. Alicheka mpaka akaukalia ule mzigo. "Kidato cha sita," akasema huku anajifuta macho. "Kidato cha sita hawafundishi kwamba mbegu hukaa ukutani?"

"Sikuwepo siku hiyo."

"Wenye maksai wa kulima wanakuja keshokutwa, Kunu. Nimeshawaahidi chai."

"Waahirishe. Mpaka ziote. Zile takataka zilikuwa juu ya lundo, kwa hiyo zimetangulia kubebwa, zitakuwa kona ya chini kabisa. Nakuomba kona ile tu."

"Na wimbi langu nipande wapi? Kichwani mwako? Maana huko nako kuko wazi."

Nikachutama nikamshikia kamba ya mzigo. Rukma akaacha kucheka. Alikuwa anatazama upande wa milima ya kwao.

"Mimi sina kaka, unajua," alisema. "Chait makapu yakianza kupita hapa kwenda kwa wenzangu, naingia ndani naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa." Akasimama, akajitwisha nyasi. "Kona nitakuachia. Lakini ukienda, nami nakwenda kumwona mama, na mzigo wangu unaubeba wewe."

Kwanza nilichakura samadi kwa mikono. Usijaribu. Nilipata ganda la yai, kitufe cha shati la baba, na vipande vya vichapati vilivyokwisha kulainika na kumeguka, mbegu zimemwagika hata huwezi kujua zimekwenda wapi. Nikaacha. Nikangoja mvua.

Ukitaka kujua urefu wa wakati, kangojee kitu kiote. Nilikuwa nateremka kila asubuhi na kukuta udongo vilevile. Nikaanza kumwelewa Hansa, jinsi alivyokuwa akikaa bustanini mikono magotini, hafanyi lolote, na mimi nikimuuliza kama amegandishwa na gundi. Hua walikuwa wanalia msituni. Rukma alikuwa akipita juu yangu na ndoo, anauliza, "Bado hujataga?" nami namjibu ninavyoweza, lakini majibu yangu yalikuwa yanapungua chumvi.

Ikanyesha mwisho wa Chait, mvua ya radi, mawe madogo ndani yake. Jua la siku mbili, na kona ile ikatoa vijani. Vilitoka viwili viwili kama viganja vilivyofunguliwa, vingine bado vimevaa ganda la mbegu kichwani kama kofia. Nilikaa chini palepale, kwenye tope.

Furaha haikudumu. Asubuhi iliyofuata nusu ya miche ilikuwa imekatwa shingo, na hua wanatembea katikati yake kama wakaguzi. Nilikuwa sijafikiria hilo. Ndege wale walizoea kulishwa na Hansa kila alfajiri kwenye ukingo wa miiba. Ndivyo alivyoweza kuishi nao na bado akala mboga. Alipoondoka, hakuna aliyewalisha. Walikuwa na njaa na hawakuwa na deni na mtu.

Ningeweza kutega nyavu. Pushkar anazo. Lakini unakwendaje kwa Hansa, unamwambia nimekuletea miche, na hua wako nimewala? Basi nikapata njia nyingine. Haina haja ya kuelezwa kwa kirefu. Hua wakaacha miche, miche ikapata majani ya tatu, na hilo ndilo la maana.

Lakini kulikuwa na tatizo ambalo Rukma alilileta akiwa amejishika kiuno. "Samadi yangu mwenyewe pia niliimwaga humu," alisema. "Na mwaka jana tulikula matango ya dukani, maganda na mbegu zake zote zikaenda huko. Maboga nimeshakung'olea, yanajulikana kwa ukubwa. Lakini haya yaliyobaki, lipi lenu na lipi la pakiti, mimi siwezi kukuapia."

Tuliitazama miche. Ilifanana kama watoto wa darasa moja.

Nikaing'oa yote na udongo wake, nikaiweka kwenye vikombe vya majani mapana vilivyobanwa kwa njiti. Ija alikaanga mikate na zile singal, maandazi matamu yanayozungushwa kama nyoka aliyelala, akaweka na nguo, Hansa apende asipende. Miche ikakaa juu ya kapu. Kwenye gari niliipakata. Abiria wakauliza nimebeba nini, Rukma akawajibu kwamba nimeposa boga, lakini wazazi bado hawajakubali. Kutoka barabarani tulipanda kwa miguu, kapu kichwani, mzigo wa Rukma mgongoni, na yeye mbele anaimba kwa sauti ya chini. Kadiri tulivyokaribia kwao ndivyo alivyozidi kutembea haraka, mpaka ikabidi nimwambie kwamba punda naye hupumzika.

Hansa alikuwa uani. Zamani angekimbia. Alivuta ushungi, akasimama na kungoja niinamie miguu yake kumwamkia, kwa sababu mama mkwe alikuwa amekaa barazani, mwanamke mrefu mwenye kipini kikubwa puani. Amekonda. Viganja vyake vimepasuka upya mahali ambapo havikuwa vimepasuka. Alitazama kapu, na macho yake yakaenda moja kwa moja chini ya mikate, kutafuta kichapati.

Nilikuwa nimeandaa utani njia nzima. "Didi," nikamwambia, kama ninavyomwita tangu utotoni, "mbegu zilichoka kusubiri. Zimeota njiani."

Alitazama miche. Alinitazama.

"Uliukwangua."

"Ukuta ulinichokoza."

Hakucheka. Nikamwambia yote kuhusu samadi, konde la Rukma, na maganda ya dukani. Nilipofika hapo sauti yangu ilikuwa imepungua. "Kwa hiyo huenda ni yetu. Huenda ni ya pakiti. Sijui, Didi."

"Hata mimi sijui," alisema. Alikinyanyua kikombe kimoja karibu na uso, na kwa muda nilidhani anachunguza majani, kumbe alikuwa ananusa udongo. Alivuta pumzi, akaishikilia. "Huyu ni ng'ombe wetu," alisema taratibu. "Anakula yale majani ya mwaloni ya juu kwa kina Rukma."

Hakungoja tule. Tulikwenda nyuma ya nyumba, hata mama mkwe alikuja na kiti chake. Ngazi ile ilikuwa imelimwa laini kama unga, na kwenye kona rundo la mawe, jipya mno, ambalo bado halijapata chura wake. Hansa alipanda mche mmoja mmoja, akiukandamiza udongo kwa vidole vinne.

"Tutajua mwezi wa Bhado, mvua zikielekea kuisha," alisema. "Likikomaa kahawia na kupasuka ngozi, ni letu. Likiwa njano na kuoza kabla ya Diwali, basi."

"Na likiwa la dukani?" aliuliza mama mkwe.

"Tutalila, mama. Ni tango tu."

Alilisema kwa adabu nzuri kabisa, ameinamisha kichwa, na mimi nikageuka kutazama mlima. Rukma, ambaye alikuwa ameshamwona mama yake, ameshalia na ameshanawa uso, alikuwa amekaa juu ya ukuta wa mawe na bilauri ya chai.

"Hua hawakukusumbua?" Hansa aliniuliza. "Bila kulishwa wale wanang'oa kila kinachoota."

"Niliwatazama kwa jicho kali. Unanijua."

"Kunu."

"Miche ilijiotea yenyewe, nakwambia. Mimi nilikuwa napita tu."

Mama mkwe alitabasamu. "Kijana, sema tu ulimkumbuka dada yako. Hapa hakuna atakayekucheka."

"Mimi, mama?" nikasema. "Ugonjwa huo kwetu haukunipata. Nimekuja kwa sababu Ija alinisukuma mlangoni. Nyumba sasa ina nafasi, chakula kinabaki, usingizi ninao. Hata huyu alipopiga simu nilisahau ni nani."

Rukma aliweka bilauri ukutani.

"Niseme?" aliuliza.

"Usiseme, shemeji."

"Hansa, ile shela yako ya rangi ya haradali, uliyoiacha kwenye msumari. Huyu alikuwa anaivaa. Kila alfajiri, kichwani, mpaka hapa, na bakuli la nafaka mkononi, anakwenda kukaa kwenye ukingo wa miiba pale ulipokuwa unakaa. Hua wakamjia, wakaacha miche."

"Hiyo ni mbinu," nikasema. "Jeshini wanaifundisha. Muulize Pushkar."

"Sijamaliza. Mimi niko juu nakamua ng'ombe, nasikia watu wawili wanaongea. Nikadhani Hansa amerudi, nikaacha maziwa nikaja mbio. Yuko peke yake. Anauliza kwa sauti yake, 'Didi, huko wanakupa chakula cha kutosha? Didi, unalala upande wa dirisha?' Kisha anavuta shela mdomoni, anajibu kwa sauti yako. Na si siku moja. Nilizoea mpaka nikawa nakuja na kigoda."

Mama mkwe aliangalia pembeni. Nilianza kuokota vile vikombe vya majani vilivyobaki tupu.

Hansa alikuwa bado amepiga magoti, mikono ndani ya udongo mpaka kwenye bangili. Ushungi ulikuwa umemteleza, na hakuuvuta.

"Nilikujibu nini?" aliuliza.